Kura mbili, jina lolote: kweli na uongo kuhusu marais wa kwanza wa Marekani

Wananchi ndio waliomchagua George Washington. Uongo. Mwaka 1789 waliopiga kura ya urais walikuwa wajumbe 69 tu, kutoka majimbo 10. New York haikuwa na mjumbe hata mmoja, maana mabaraza mawili ya bunge lake yalishindwa kuafikiana. Kila jimbo lilijiamulia namna ya kuwapata wajumbe: kwingine wananchi walipiga kura, kwingine wabunge waliteua. Huko South Carolina bunge liliendelea kuteua hadi 1860.

Washington alipata kura ya kila mjumbe. Kweli, mara mbili: 69 kwa 69, kisha 132 kwa 132 mwaka 1792.

Makamu wa rais alikuwa mgombea mwenza. Uongo, na huu ndio unaopotosha wengi. Kwa katiba ya awali, kila mjumbe aliandika majina mawili bila kusema yupi amtakaye kuwa rais na yupi makamu. Aliyeongoza, mradi wajumbe zaidi ya nusu wamemtaja, alikuwa rais, aliyemfuata, makamu. Angalau jina moja lilipaswa kuwa la mtu wa jimbo jingine, ili wajumbe wasing'ang'anie watu wa kwao tu. Utaratibu huo haukuvihesabu vyama. Vilipojitokeza, mwaka 1796, John Adams alipata kura 71 na mpinzani wake Thomas Jefferson 68. Mahasimu wakajikuta serikali moja.

Mwaka 1800 Aaron Burr aligombea urais dhidi ya Jefferson. Uongo. Walikuwa chama kimoja, na chama kilimtaka Burr awe makamu. Ili kuepuka sare, ilitosha mjumbe mmoja wao kutomwandika Burr. Wapinzani wao walikumbuka: mjumbe mmoja wa Rhode Island alimpa John Jay kura yake ya pili, Adams akawa na 65 na mwenzake Pinckney 64. Upande wa Jefferson hakuna aliyefanya hivyo, na matokeo yakawa 73 kwa 73.

Uamuzi ukaenda Bunge la Wawakilishi, ambako kila jimbo, kubwa au dogo, lina kura moja. Zilihitajika 9 kati ya 16. Kuanzia tarehe 11 Februari 1801 walipiga kura mara 35, wapinzani wa Jefferson wakimuunga mkono Burr na Jefferson akikwama kwenye 8. Tarehe 17, James Bayard, mbunge pekee wa Delaware, aliacha kumuunga mkono Burr, na wenzake wa Maryland na Vermont nao wakajiweka kando. Mara ya 36 Jefferson akapata majimbo 10.

Watumwa hawakuwa na nafasi katika hesabu hizi. Uongo, na uongo huu unauma. Hawakupiga kura, lakini kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge, na kwa hiyo wajumbe. Majimbo ya kusini, ngome ya Jefferson, yaliongezewa wajumbe kwa migongo ya watu waliofungiwa nje ya kila kituo cha kura.

Marekebisho ya 12 ya katiba, ya mwaka 1804, yaliliondolea Bunge kazi ya kumchagua rais. Uongo. Yalitenganisha kura ya rais na ya makamu, lakini kazi hiyo ilibaki. Mwaka 1825 Bunge lilimchagua John Quincy Adams, ingawa Andrew Jackson alimzidi kwa kura 99 dhidi ya 84. Na wajumbe 23 wa Virginia walipomkataa Richard Mentor Johnson, akapungukiwa kura moja tu, ni Seneti iliyomfanya makamu wa rais mwaka 1837.