Vumbi la Msangano na rangi ya gari lako

Gari likitoka Tunduma mjini mchana wa Septemba na kushuka kwenye bonde la Msangano, hufika halitambuliki. Noah nyeupe imegeuka rangi ya udongo, kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, namba zinasomeka kwa taabu. Dereva anashuka, anachomoa tambara chini ya kiti na kupangusa boneti harakaharaka, ili gari lipate sura mbele ya wenyeji wake. Ni jambo la kila siku wilayani Momba, na kila nikiliona linaniuma, kwa sababu tambara lile kavu linaharibu rangi kuliko safari yenyewe.

Vumbi si unga mtupu. Ndani yake zimo chembe za mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ina 10, kwatzi ina 7, yaani ni ngumu kuliko bati la gari, sembuse rangi iliyopakwa juu yake. Magari mengi ya siku hizi yana praima, kisha rangi, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Ndiyo inayoleta mng'ao na kuikinga rangi na jua. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, karibu nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Kila ukipangusa vumbi kavu unaikwangua klia. Simama jua la asubuhi upande wa boneti la gari linalopanguswa hivyo, utaona michirizi myembamba imejizungusha kuufuata mwanga. Michirizi hiyo ikizidi, rangi hufubaa, na klia ikiisha paa huanza kubanduka magamba meupe.

Pale mpakani Tunduma magari yaliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam hupita yakielekea Zambia na Kongo. Mengi ni ya mtumba kutoka Japani, mengine yana umri wa miaka kumi na zaidi, na bado yanang'aa. Mengine ya aina hiyohiyo hubaki kwetu, na baada ya misimu michache yanaonekana yamezeeka. Jua na barabara vina sehemu yao, sikatai. Lakini uoshaji wetu una sehemu kubwa zaidi, na huo tunaweza kuubadilisha.

Kanuni ya kwanza ni maji kabla ya kitambaa. Mwaga maji kuanzia paani, yateremke na vumbi lake, kabla mkono haujagusa bodi. Najua Msangano maji yanabebwa kwa madumu na hakuna anayetaka kuyachezea. Ndoo nne za lita 20 zinatosha gari dogo ukiwa na mpango: mbili za kulowesha na kusuuza, moja ya sabuni, na moja ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Ukipitisha sponji mlangoni, itumbukize kwanza kwenye maji matupu, ikamue, ndipo uirudishe kwenye sabuni. Ukimaliza, tazama chini ya ndoo ile. Mchanga ulioketi pale ungekuwa umesagwa juu ya rangi yako.

Anza juu, malizia chini kwenye kingo za milango na bampa ambako tope limekaza. Magurudumu yawe na tambara lake. Pitisha mkono kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Osha asubuhi na mapema au jioni: boneti likichoma kiganja, sabuni hukaukia juu yake na kuacha madoa. Sabuni ya unga iachie nguo. Ni kali, inaondoa nta yote iliyokuwa inakinga rangi. Shampuu ya magari hupatikana Tunduma, na kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo vinatosha.

Na tafadhali usiingize gari mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli zinazoweza kuharibu mazingira, na oili inayosafishwa kwenye gari lako inateremka kwa watu wanaochota maji hayohayo.

Masika adui hubadilika. Tope hujazana ndani ya madigadi na kukaa na unyevu siku nyingi, kutu ikaanzia ndani pasipoonekana. Ingiza mkono kwenye upinde juu ya gurudumu ulitoe. Kisha inama utazame ukingo wa chini wa kila mlango: kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na udongo, maji ya mvua hubaki ndani ya mlango na kuula. Njiti ya kiberiti inatosha kuvizibua.

Petroli inayomiminwa kutoka kwenye chupa huchuruzika chini ya kifuniko cha tangi, na ikiachwa kila mara hula mng'ao. Futa papo hapo kwa kitambaa cha maji. Kinyesi cha ndege kina asidi, na juani huchora alama isiyotoka. Kilowekwe hadi kilainike, ndipo kiondolewe. Wapo wanaosugua bodi kwa dizeli ili ing'ae. Inang'aa kweli siku hiyo, kisha inanasa vumbi lote la njiani na kulainisha mipira ya milango.

Gari likiwa safi na kavu, lipake nta kivulini, kidogo sana, sehemu moja baada ya nyingine, halafu futa kwa kitambaa laini. Kwa jua letu, rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Maji yakianza kutandaa badala ya kujikunja matone, nta imekwisha.

Kokoto likibandua rangi hadi bati, usingoje. Safisha, kausha, piga msasa laini, paka praima na rangi. Kwenye Toyota nyingi namba ya rangi imeandikwa baada ya herufi C/TR kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha. Mpelekee fundi namba hiyo, asikisie kwa macho.

Wengi wetu tunaoshewa na vijana, na kijana huosha kwa vifaa anavyopewa. Mwenye gari, nunua wewe ile ndoo ya kusuuzia sponji, na sponji safi, umwonyeshe, na umlipe muda wa ziada atakaoutumia. Kupulizia rangi paa na boneti kutakugharimu zaidi ya hapo mara nyingi.