Ufahamu: Jibu Limo Kifunguni, Halimo Kichwani Mwako

Ufahamu ndio swali linalofungua Karatasi ya Pili ya Kiswahili (102/2) katika mtihani wa KCSE. Lina alama 15 kati ya alama 80 za karatasi hiyo. Baada yake huja ufupisho wenye alama 15, matumizi ya lugha yenye alama 40, na isimujamii yenye alama 10. Katika swali hili mtahiniwa hukabidhiwa kila kitu: kifungu, maswali, na hata idadi ya alama kando ya kila swali. Hakuna tamthilia ya kukariri wala ngeli za kutamba nazo. Hata hivyo, mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha anajua kwamba hapa ndipo alama nyingi huanguka njiani, na aghalabu huanguka mikononi mwa wanafunzi tuliowatarajia wang'are.

Miaka michache iliyopita nilisahihisha karatasi za majaribio ambamo kifungu kilihusu kilimo cha mahindi. Huku kwetu Ndalu, baina ya Kitale na Bungoma, mtoto hujua kupalilia kabla hajajua kuandika jina lake. Nikajiambia kwamba leo watahiniwa wamewekewa chakula mezani. Msichana mmoja, ambaye insha zake nilikuwa nimezoea kuwasomea wenzake, alipata alama 4 kati ya 15. Nilirudia kuisahihisha karatasi ile mara mbili. Alikuwa ameandika juu ya mbegu ghushi, viwavijeshi, mbolea inayochelewa na mahindi yanayovushwa kutoka nchi jirani. Yote yalikuwa kweli, lakini hakuna hata moja lililokuwa kifunguni.

Aliponijia na karatasi yake aliniuliza, "Lakini mwalimu, haya si ndiyo tunayoyaona nyumbani?" Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jibu langu kwake, limechelewa kidogo.

Ili tuzungumze juu ya jambo tunaloliona, nimetunga kifungu kifupi. Mtahiniwa, kisome mara moja bila kalamu mkononi.

Kila mwaka mvua za Machi zinapoanza, mkulima wa Ndalu huweka matumaini yake yote katika mche wa hindi. Hununua mbolea kwa mkopo, hulimia kwa trekta la kukodi na kupalilia mara mbili. Mavuno yajapo, mambo hugeuka. Madalali huvamia vijiji na malori yao kabla mahindi hayajakauka barabara, wakijua fika kwamba karo ya Januari inabisha hodi. Mkulima huuza kwa bei ya kutupa. Ifikapo Mei, ghala lake huwa tupu, naye huingia dukani kununua unga uliotokana na jasho lake mwenyewe. Wapo wanaosema kwamba suluhu ni bei bora. Kauli hii ina ukweli, ila si kamili. Mkulima asiye na mahali pa kukaushia wala kuhifadhia mahindi hana nguvu ya kuingoja bei hiyo. Mnyonge wa kweli si aliyekosa soko, bali ni asiyeweza kulisubiri.

Wako walimu wanaowashauri wanafunzi waanze kwa kusoma maswali, kisha warudi kifunguni kuwinda majibu. Mimi siukubali ushauri huu, ijapokuwa najua wenzangu wengi wanauamini. Anayewinda huona kile anachokiwinda tu. Akiulizwa kuhusu matatizo ya mkulima, jicho lake huruka hadi kwenye neno "barabara" na kalamu huandika papo hapo: "Barabara ni mbovu." Soma kifungu chote kwanza ujue kinakotoka na kinakoelekea. Ndipo usome maswali. Kisha rudi kifunguni mara ya pili, polepole, safari hii ukiwa na kalamu.

Usiogope kwamba utapoteza wakati. Karatasi hii hufanywa kwa saa mbili na nusu, yaani dakika 150 kwa alama 80. Ukigawa, utaona kwamba ufahamu unastahiki kama dakika 28. Tumia dakika 10 kusoma mara mbili, 13 kuandika na zinazosalia kujihakiki. Anayetumia dakika 50 hapa akitafuta ukamilifu atakuja kuzililia kwenye matumizi ya lugha, ambako kuna alama 40.

Sasa tuyatazame maswali. La kwanza: Kwa mujibu wa kifungu, eleza sababu mbili zinazomfanya mkulima auze mahindi yake kwa bei ya chini. (alama 2)

Maneno matatu, "kwa mujibu wa", ndiyo yaliyomwangusha yule msichana. Yanamwambia mtahiniwa aiache shamba elimu ya nyumbani. Mtahini haulizi iwapo jambo ni kweli duniani. Anauliza iwapo mwandishi amelisema au ameliashiria. Mtahiniwa wa Lamu asiyewahi kuliona shamba la mahindi na yule wa Ndalu aliyezaliwa ndani yake wanapaswa kuanza pamoja, na kifungu ndicho kinachowasawazisha. Kwa hivyo majibu ni kwamba mkulima anakabiliwa na malipo ya karo, na kwamba hana mahali pa kukaushia wala kuhifadhia mahindi. Sababu ya pili haiko karibu na ile ya kwanza. Imejificha karibu na mwisho wa kifungu, na aliyesoma hadi katikati hawezi kuipata.

Tazama pia idadi. Umeombwa sababu mbili, toa mbili. Kuna watahiniwa wanaoorodhesha tano wakitumai kwamba mbili kati yake zitalenga. Usimwachie mtahini kazi ya kukuchagulia jibu.

Na je, unaweza kunakili sentensi nzima kutoka kifunguni? Tuseme mtahiniwa ameandika: "Madalali huvamia vijiji na malori yao kabla mahindi hayajakauka barabara, wakijua fika kwamba karo ya Januari inabisha hodi." Jibu lipo humo ndani, lakini halijatolewa. Ni kama kumpelekea mgeni gunzi akiwa ameomba ugali. Andika: "Mkulima anahitaji pesa za karo kwa dharura." Swali likisema "dondoa" au "nukuu", mambo hubadilika: hapo andika maneno ya mwandishi yalivyo, ndani ya alama za mtajo, bila kuongeza wala kupunguza.

Swali la pili: Eleza kinaya kinachojitokeza katika kifungu. (alama 2)

Mwalimu wa fasihi atafurahi hapa, kwa sababu yale aliyoyafundisha katika hadithi fupi na tamthilia yanadaiwa sasa katika ufahamu. Wanafunzi wetu huziweka karatasi hizi katika mifuko tofauti. Wanaweza kukueleza kinaya katika kitabu teule kwa ukurasa mzima, lakini wakikutana nacho katika ufahamu wanakiita "shida". Kinaya kina pande mbili, na alama mbili za swali hili zinakudai pande zote mbili. Upande wa kwanza ni yale yanayotarajiwa: aliyelima mahindi anatarajiwa kuwa na chakula tele. Upande wa pili ni yanayotokea: ifikapo Mei mkulima huyo huyo ananunua unga dukani. Anayeandika tu kwamba "mkulima hununua unga" ametoa nusu ya kinaya, na nusu hiyo peke yake si kinaya.

Kanuni hii hufaa kwingi. Kabla ya kuandika, itazame alama iliyo kando ya swali na ujiulize inagawanywaje. Alama mbili kwa swali moja la maelezo huashiria hoja na ufafanuzi wake, au pande mbili za jambo moja.

Swali la tatu: Mwandishi ana msimamo gani kuhusu rai kwamba bei bora ndiyo suluhu? (alama 2)

Hapa ndipo penye mtego mkubwa, na naomba mwalimu mwenzangu upakalie darasani. Mwandishi anasema "wapo wanaosema". Maneno hayo si yake, ameyaazima ili ayajibu. Wanafunzi wengi huchukulia kila sentensi iliyo kifunguni kuwa ni imani ya mwandishi. Wataandika kwamba mwandishi anataka bei bora, basi. Wengine, wakiona neno "ila", watakimbilia upande wa pili waseme kwamba anaipinga rai hiyo. Yote mawili hayatoshi. Mwandishi anaikubali kwa sehemu tu. Anaona kwamba bei bora haimfai mkulima asiyekuwa na uwezo wa kuhifadhi mazao yake hadi bei hiyo ifike. Wafunze wanafunzi kupigia mstari maneno haya wanaposoma: wapo, inadaiwa, baadhi, hata hivyo, ila, lakini, bali, licha ya. Mara nyingi ndipo sauti ya kifungu inapobadilika.

Maswali ya msamiati hayahitaji maneno mengi. Hutaka maana ya neno "kama lilivyotumika katika kifungu", na ufunguo ni hilo "lilivyotumika". Barabara katika kifungu chetu si njia ya magari, ni kielezi chenye maana ya sawasawa au kabisa. Bei ya kutupa ni bei ya chini mno. Inabisha hodi ni inakaribia. Likague jibu lako kwa kulirudisha mahali pa neno la awali, kisha usome sentensi nzima. "Kabla mahindi hayajakauka kabisa" inasomeka. "Karo ya Januari kukaribia" haisomeki, kwa kuwa umeugeuza wakati uliopo kuwa kitenzi-jina. Kitenzi kijibiwe kwa kitenzi cha wakati ule ule, nomino kwa nomino, wingi kwa wingi.

Swali la kichwa mwafaka halina ugumu. Kiwe kifupi, kisiwe sentensi ndefu, na kibebe kifungu kizima. "Madalali" hakitoshi, maana wao wametajwa mara moja tu. "Masaibu ya Mkulima wa Mahindi" kinatosha.

Lipo tatizo jingine ambalo halihusu kuelewa. Mtahiniwa huweza kupata hoja zote kisha makosa yakammega. Kosa la sarufi au la hijai hukatwa nusu alama, na katika swali la alama moja hiyo ni hasara kubwa. Huku kwetu Lubukusu hutufuata hadi kwenye karatasi: gari huwa "kari", dawa huwa "tawa", jana huwa "chana". Wengine, bila kujali lugha ya mama, huchanganya "dh" na "th" wakaandika "dhamani" badala ya thamani. La ajabu ni kwamba neno lenyewe mara nyingi limo kifunguni, limeandikwa vizuri, sentimita chache juu ya kosa. Zile dakika tano za mwisho ni za kazi hii: weka kidole kwenye neno lako na kingine kwenye neno la kifungu.

Niseme pia kidogo kuhusu mazoea yanayotoka katika somo la Kiingereza, kwa kuwa ni watahiniwa wale wale. Katika Karatasi ya Pili ya Kiingereza (101/2) ufahamu una alama 20, na mle ndani mtahiniwa huweza kutakiwa kuandika upya sentensi kwa kufuata maagizo, au kujibu kwa muhtasari wa maneno machache. Kwetu mambo ya sarufi yana sehemu yake. Mtahiniwa anayetoka kufanya mazoezi ya Kiingereza huja Kiswahili akijibu kwa vipande: "Karo." "Hifadhi." Kipande kama hicho hakielezi chochote swali linaposema "eleza". Andika sentensi kamili.

Zoezi linalofaa zaidi darasani kwangu halina maswali hata moja. Mimi hukata makala kutoka Taifa Leo, huwagawia wanafunzi wawili wawili, na kuwataka watunge maswali matano pamoja na majibu na mgao wa alama. Kisha jozi moja huijibia nyingine, na waliotunga ndio wanaosahihisha. Siku ya kwanza huwa ni kelele tupu, kwa sababu kila mmoja hudai jibu la mwenziwe ni sawa "kwa kuwa ni kweli". Huwa nawauliza neno moja tu: mstari upi?

Yule msichana alilifanya zoezi hilo muhula wote wa pili. Alikuwa mkali kuliko mimi. Siku moja alimnyima mwenzake alama mbili za jibu zuri sana kuhusu bei ya mbolea, na mwenzake alipolalamika, alimsukumia lile gazeti akamwambia, "Nionyeshe."