Somo la Leo: Madaftari Mawili, Jibu Moja

Mwalimu wa darasa awe na chaki tayari. Leo twauliza: mtu akianza na kisio baya, aweza kuifikia kweli?

Twendeni Paris, Ufaransa. Mwaka 2007 wataalamu wa kundi la Serge Haroche walihesabu chembe za mwanga, ziitwazo fotoni, baina ya vioo viwili vinavyotazamana. Mwanga huo hauonekani kwa macho. Ni jamaa ya mawimbi yaletayo sauti yangu kwenu. Vioo vilikuwa safi ajabu. Kabla ya kupotea, fotoni iliweza kurukaruka humo mwendo wa karibu kilometa 40,000, kama kuizunguka dunia, na yote hayo kabla sekunde haijatimia.

Hawakuchungulia ndani. Walipitisha atomu moja moja katikati. Atomu ni kama saa ndogo: kila fotoni huusogeza mshale wake kidogo, na fotoni yenyewe hubaki. Lakini atomu moja hujibu "ndiyo" au "siyo" tu. Basi waliweka daftari: huenda zimo 0, huenda 1, huenda 2, na kila nambari ina uzito wake. Kila atomu ipitapo, uzito husahihishwa. Hesabu hiyo huitwa chujio, maana huchuja habari katika makelele. Baada ya atomu kama 110, ilibaki nambari moja.

Sasa mpeni Asha daftari, na Juma lake. Asha atia uzito mwingi kwenye 2, Juma kwenye 6. Wapokee habari zile zile za atomu. Polepole madaftari yatafanana. Hapo chujio ni thabiti: limesahau kosa la mwanzo.

Ila asiwepo aliyeandika sifuri mbele ya jibu la kweli. Sifuri, izidishe kwa lolote, hubaki sifuri. Mbishi wa namna hiyo hafundishiki.

Tena kipimo chenyewe kiweze kutofautisha. Kule Paris kila fotoni ilisogeza mshale sehemu 1 ya 8 ya duara. Fotoni 8 je? Duara zima, na mshale warudi pale pale pa 0! Maadamu hakuna fotoni iliyopotea, hata zipite atomu elfu, 0 na 8 hazitengani. Ndiyo maana walitumia mwanga hafifu.

Mwaka 2011, huko huko Paris, chujio lilitumiwa kuuongoza mwanga: fotoni ikipotea, mwanga huongezwa kidogo. Chujio likishikilia kosa, mkono nao utasahihisha kisichokosewa.

Zoezi: mshale umesogea nafasi 3. Huenda zimo fotoni 3. Au ngapi nyingine? Kwa herini.