Mpira wa Leonardo

Unaukumbuka mpira wa madoa, ule wenye vipande 12 vyeusi vya pembe tano na 20 vyeupe vya pembe sita? Ulichezewa katika Kombe la Dunia kule Mexico mwaka 1970. Umbo lake, hata hivyo, lilikuwa limeshachapwa kitabuni Venice mwaka 1509, na aliyelichora ni Leonardo da Vinci.

Kitabu hicho ni *De divina proportione*, cha Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati. Wawili hao walijuana Milan, katika kasri la mtawala Ludovico Sforza. Mtawa akaandika, rafikiye akachora maumbo yapatayo 60. Chimbuko la maumbo hayo ni Plato. Mwanafalsafa huyo wa Athens alidai kwamba chembe za moto zina nyuso nne, za hewa nane, za maji 20, na za ardhi ni michemraba, imara kama dadu. Umbo la tano, la nyuso 12, akaliachia ulimwengu mzima. Kama kemia, madai hayo si kitu. Hesabu yake ndiyo haijapata mpinzani: maumbo ya namna hiyo, yenye nyuso na kona zinazolingana kabisa, ni matano tu.

Jaribu mwenyewe kwa kadi. Kutanisha pembesita tatu kwenye kona moja: zinalala bapa mezani, kwa kuwa 120 mara tatu ni 360 na nafasi ya kukunja hakuna. Pembetano tatu zinafika 324 tu. Hapo kadi inainuka. Ndiyo maana mpira wetu unahitaji pembetano: ni lile umbo la maji lililokatwa ncha zake zote 12. Kila mkato unaacha pembetano, na kila uso wake wa pembetatu unageuka pembesita.

Shida ya mchoraji ni kwamba umbo lililojaa huficha mgongo wake. Leonardo akalichora kila umbo mara mbili: kwanza likiwa zima, kisha likiwa fito tupu, kama nyumba ya udongo ambayo haijakandikwa, jicho likapenya hadi kona za nyuma. Kila moja akalitundika kwa uzi.

Nakala mbili za kitabu hicho zilizoandikwa kwa mkono zimesalia, moja Milan, nyingine Geneva. Ile ya Milan ina rangi, na mpira ungali unaning'inia humo, bila ngozi wala upepo.