Kuamsha, Kukatiza na Kufyatua: Istilahi za Ishara katika Vyombo vya Umeme Mdogo

Makala haya yanachambua vitenzi vitatu ambavyo mfasiri wa taaluma ya elektroniki anaweza kuvidhania kuwa ni visawe. Tofauti yake hudhihirika pale tu chombo chenyewe kitazamwapo kinavyofanya kazi.

Ichukuliwe kuwa chombo cha kupimia kina cha maji kimefungwa juu ya nguzo karibu na Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu, nacho hutumia betri. Kipimo hicho si anasa. Ziwa Viktoria lilipanda sana kati ya 1961 na 1964, na mwaka 2020 likafurika tena, wakazi wengi wa kandokando wakahama makwao. Ndani ya chombo mna chipu ya maikrokontrola yenye sehemu tatu zinazohusika hapa: kichakataji, ambacho hutekeleza maagizo ya programu, saa, na kigeuzi, ambacho hugeuza volti kuwa tarakimu.

Wakati wa kupima ukiwadia, njia ni mbili. Katika njia ya kwanza, saa humkatiza kichakataji usingizi. Naye huamka, huamuru kigeuzi kipime, kisha hulala. Akiwa macho hula umeme wa kiasi cha miliampea. Akilala usingizi mzito hula maikroampea tu, yaani sehemu ndogo mno. Katika njia ya pili, ishara hutoka kwenye saa ikaenda moja kwa moja hadi kwenye kigeuzi, na kichakataji haambiwi lolote. Atmel iliingiza mfumo wa namna hii katika chipu zake za XMEGA mwaka 2008. Humo ishara hufika kwa mapigo yasiyozidi mawili ya saa, kichakataji kiwe macho au katika usingizi mwepesi.

Mashua ya omena yatoa mfano ulio wazi. Taa zinaelea, wavuvi wanangoja, nahodha amelala. Iwapo mfua maji atamwamsha nahodha kila maji yaingiapo ili apewe amri, huo ni mkatizo. Iwapo nahodha aliagiza tangu pwani kwamba maji yakifika ubao fulani upo uanze kazi, maji yenyewe ndiyo yaliyoifyatua kazi hiyo. Amri ilitangulia, usingizi haukuvunjwa.

Kwa hiyo basi, kuiita njia ya pili “kuamsha” ni kuificha faida yake yote, kwani asili yake ni kutomwamsha mkuu. Kitenzi “kufyatua” kinafaa zaidi: mtego hufyatuka mtegaji akiwa amelala nyumbani. “Mkatizo” nao ubaki kwa njia ya kwanza, na “ishara ya tukio” kwa kile kipitacho katika ya pili.

Tofauti hii ina athari nyingine. Mkatizo huacha alama, nayo hungoja hata ushughulikiwe. Ishara ya tukio katika XMEGA ni pigo lipitalo. Isipomkuta wa kuipokea, hupotea. Mwanafunzi aliyefundishwa neno moja kwa dhana zote mbili ataimaliza betri bure, au atangojea kipimo ambacho hakikupimwa kamwe. Hapo kosa la istilahi limekuwa kosa la chombo.