Safari ya Baiskeli Huanza Jioni

Asubuhi moja ya mtihani wa taifa, nilimkuta mwanafunzi wangu kando ya barabara hapa Mbumbuni akisukuma baiskeli, machozi yakimlengalenga. Mwiba wa mgunga ulikuwa umetoboa tyubu, naye hakuwa na pampu wala kiraka. Mimi nilikuwa navyo. Tuliziba, akafika dakika chache kabla ya karatasi kugawanywa. Tangu siku hiyo naamini kwamba safari ya baiskeli huanza jioni, wala si alfajiri.

Mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipomtengenezea mwanawe tairi za upepo mjini Belfast, bila shaka hakuiwazia miiba ya Ukambani. Sisi hatuna budi kuiwazia. Tyubu ikitoboka, itie upepo na kuizamisha katika karai la maji. Mapovu yatakuonyesha tundu. Ikaushe, ikwaruze kwa msasa, ipake gundi, kisha ngoja gundi ikauke kidogo ndipo ubandike kiraka. Wengi hushindwa hapa kwa sababu ya haraka. Aidha, kabla ya kuirudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi: kikikwama, mwiba ungalimo. Usipoung'oa, utaziba tena kesho.

Mnyororo nao utie matone machache ya mafuta, kisha upanguse yaliyozidi, maana mafuta yakichanganyika na vumbi letu husaga chuma mithili ya msasa.

Hata hivyo, pancha hukuchelewesha tu. Breki mbovu huua. Ndugu msomaji, tazama raba za breki kila jioni. Zikiwa zimelika, usithubutu kuteremka vilima vyetu. Mteremkoni, anza kupunguza mwendo ungali juu, ukitumia breki zote mbili, ya nyuma ikitangulia. Mvua ikinyesha, breki huchelewa kushika rimu iliyolowa; kwa hiyo zifunge mapema zaidi. Ukifika kwenye mchanga wa mto mkavu, shuka usukume. Hakuna aibu.

Walimu wenzangu, tunawafunza vijana hawa habari za msuguano ubaoni, ilhali baiskeli zilizoegemezwa ukutani nje ya darasa hazina breki. Tutenge nusu saa kila Ijumaa tuzikague pamoja nao. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Waama, ukuta hujengwa upya. Mtoto aliyepotea mteremkoni harudi.