Gari la Kifahari Lenye Mbio

Hapa kwetu Mzumbe, katika barabara kuu ya kwenda Iringa, hupita magari aina ya Toyota Crown Athlete. Ni gari dogo la kifahari kutoka Japani. Viti vyake ni laini. Yale yaliyotengenezwa mwaka 2004 hadi 2007 yana injini ya silinda sita. Injini ya lita 2.5 hutoa nguvu za farasi 215. Ni nyingi! Lakini tumbo lake liko chini. Kwa barabara ya kupanda Mgeta, hapo basi tena.

Breki zake ni nzuri. Kina chombo cha kuzuia magurudumu yasigande dereva anapokanyaga breki ghafla. Hata hivyo gari halisimami papo hapo. Likienda kilomita 100 kwa saa, hukata karibu mita 28 kila sekunde. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 50 hadi 100, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne.

Nalo halingurumi kama lori; hulisikii mapema. Basi mama, ukiwa na ndizi zako kichwani, ukaliona lingali mbali, usivuke. Ngoja lipite.